Mguu wa Tano wa Rilei

Nilifika Kisumu kwa treni, siku mbili kutoka Voi, nikiwa nimekalia sanduku langu la mbao kwa sababu viti vya daraja la tatu vilijaa tangu Nairobi. Ndani ya sanduku mlikuwa na mashati mawili, cheti cha kidato cha nne na koleo moja. Sikuwa na mtu niliyemjua huko. Shuleni nilikuwa nimeona kwenye ramani kwamba reli inakwenda, inakwenda, kisha inaishia kwenye maji, nikataka kuona mahali pale inapoishia. Hiyo ndiyo sababu yote. Usiku wa pili treni ilipanda milima kwa baridi kali hata mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kikapu akanipa kuku wake mmoja nimpakate, tupashane joto. Asubuhi tukashuka kwenye joto la ziwa, akamchukua kuku wake, akaniambia, "Haya, umefika." Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sijawahi tena kuambiwa neno hilo nikaliamini.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofunga taa kwenye mashua, pikipiki na malori. Nina miaka arobaini na kitu sasa, lakini mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, na macho yakaufuata. Nimefanya kazi hii miji mingi, Kitale, Lodwar, Garissa, na sasa niko Isiolo, ingawa sanduku bado sijalifungua lote. Nikikaa kivulini, mawazo yangu hurudi mahali pamoja tu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Rajabu, Mwislamu wa Kaloleni ya Kisumu, mtu mfupi mwenye kofia iliyofifia. Alikuwa ametumika ujana wake wote kwenye vyumba vya injini vya meli za ziwani. Alipostaafu alifungua kibanda nyuma ya soko la Kibuye, akiwafungia wenye mashua taa na betri. Nilipomwonyesha cheti changu alikisoma chote, pande zote mbili, akanirudishia.

"Fizikia umepata ngapi hapa?"

"Nne, Mzee."

"Basi tutaanza kwa kufagia."

Kosa langu la kwanza nililifanya mwezi wa pili. Mwenye mashua mmoja alitaka taa mbili za lori zimulike mbele. Nikachukua swichi ndogo ya ukutani, ile ya chumba cha kulala, nikapitisha humo umeme wote wa taa mbili. Ziliwaka vizuri kwa muda wa mtu kumaliza sigara. Kisha swichi ikaanza kulainika kama sabuni, ikanuka, na mwenye mashua akairusha majini akidhani itazima. Mzee Rajabu hakunigombeza. Alikwenda kwenye meza za vyuma chakavu pale Kibuye, akarudi na kijisanduku cheusi kidogo kama kiberiti, kilichong'olewa kwenye gari lililokufa. Hiyo ndiyo rilei yangu ya kwanza.

Mnazijua, lakini niacheni niseme kama alivyoniambia yeye. Rilei ni swichi ambayo haibonyezwi na kidole, inabonyezwa na umeme. Ndani yake kuna sumaku ya waya. Ukiilisha umeme kidogo, kupitia waya mwembamba, sumaku inavuta kipande cha chuma chenye ncha ya shaba, na kile kipande ndicho kinachobeba umeme mzito wa kwenda kwenye taa. Hivyo nahodha ana swichi yake ndogo huko nyuma kwenye usukani, wala haiungui. Rilei ikivuta, inalia tak. Mzee alikuwa akifumba macho ili aisikie. "Usinionyeshe taa," alikuwa akisema. "Nataka kusikia."

Ina miguu mitano. Miwili ni ya kulisha sumaku. Mmoja unaleta umeme kutoka kwenye betri. Mmoja unaupeleka kwenye taa sumaku inapovuta. Na wa tano, ule wa katikati, unapeleka umeme sumaku ikiwa imelala. Mafundi wote wa Kibuye walikuwa wakiukata huo wa katikati kwa koleo, kwa kuwa hauna kazi kwenye taa za kawaida na unagusana na jirani zake. Mzee Rajabu hakuukata hata mara moja. Aliufunika kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Wa nini sasa, Mzee?" nilimwuliza.

"Wa siku mbaya," alisema, akaendelea na kazi.

Alinifundisha mengi ambayo hayamo kwenye vitabu. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa. Waya unaoingia kwenye kisanduku ushuke kwanza chini kisha upande, ili maji yadondoke pale kwenye kona yasiingie ndani. Kila kiungo kipakwe grisi. Na rilei izibwe kwa nta ya mshumaa, kwa sababu ya wale wadudu wadogo wa ziwani. Yeyote aliyekaa Kisumu anawajua. Wanainuka kutoka majini kama moshi, na wakiona taa wanaijia kwa maelfu. Mara moja niliitiwa mashua ambayo taa zake zilikataa kuwaka. Nilipofungua rilei nilikuta imejaa wadudu waliokauka, imeshindiliwa kama mto wa kulalia. Mwenyewe akaniuliza kama ni lazima alipe na wadudu, au atalipa rilei peke yake.

Jambo ambalo Mzee alilirudia kuliko yote lilikuwa hili: zima kabla ya kugusa. Kabla hujaweka bisibisi mahali popote, mkono uende kwenye swichi ya taa, uizime. Alinipiga vidole kwa kijiti mpaka mkono wangu ukajifunza kwenda wenyewe bila mimi. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi pale kibandani nilipopewa kazi ya Mama Atieno. Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, mwenye mashua ya mizigo iliyoitwa Nyar Uyoma, iliyokuwa ikienda Kendu Bay na kurudi Dunga, ufuo wa Kisumu. Ilikuwa na injini ya dizeli na betri kubwa. Nahodha wake alikuwa Okelo, kijana wa Sondu, mrefu, mwenye mwanya, ambaye hakuweza kupita mtu bila kumtania. Mimi alikuwa akiniita Ja-Taita, yaani Mtaita, au omera, ndugu yangu, na rilei aliiita panzi.

"Ja-Taita, panzi wako amekula nini leo?"

"Amekula betri yako."

"Basi ameshiba kuliko mimi, omera."

Okelo alikuwa na tabia moja. Akifika ufuoni jioni, akiwa amechoka, alikuwa akizima injini, anaruka majini na kwenda zake, taa zikibaki zinawaka. Asubuhi betri imekufa. Ilitokea mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mama Atieno akaja kibandani akiwa amefungiwa betri kwenye baiskeli, jasho linamtoka.

"Fundi, mimi nimechoka kusukuma hii kitu mpaka mjini. Nataka hizo taa zizime zenyewe. Injini ikizima, taa izime. Inawezekana?"

"Inawezekana, Mama."

Na iliwezekana vizuri sana. Nilichukua waya wa kulisha sumaku kutoka kwenye alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Injini ikiwaka, alteneta inachaji, sumaku inavuta, na kama swichi ya nahodha imewashwa, taa zinawaka. Injini ikizima, sumaku inalala, taa zote zinazima hata kama swichi imeachwa chini, yaani imewashwa. Niliona kazi safi. Nilimwita Mzee Rajabu aje aisikie. Aliketi kwenye mbao za mashua, akafumba macho, akasikia tak, akasikia tak ya kulala. Kisha akafumbua.

"Na injini ikifa katikati ya ziwa?"

"Haifi, Mzee, ni mpya."

"Taa ya mashua," alisema polepole, "ni ya siku ambayo injini imekufa. Inayotembea inasikika yenyewe. Funga balbu ndogo kwenye mguu wa kati. Injini ikizima, kubwa zizime, ndogo iwake. Haimalizi betri hata usiku mzima."

Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini mguu wa kati nilikuwa nimeshaukata asubuhi ile. Nilikuwa nimeanza kukata kama mafundi wengine, kwa haraka, Mzee akiwa hatazami. Kumwambia ningelazimika kumwonyesha. Nikasema, "Nitaifunga kesho." Okelo aliyekuwa akisikiliza akacheka. "Mzee, huyu panzi akilala na mimi nitalala." Mzee hakucheka.

Kesho yake kulikuwa na kazi nyingine. Na kesho nyingine pia.

Hiyo ndiyo miaka gugumaji lilipoingia. Mwanzoni lilikuja kama maua, visiwa vidogo vya kijani vyenye rangi ya zambarau, na watoto waliyachuma. Kisha ziwa likafungika. Ulikuwa ukisimama Dunga asubuhi unaona maji, ukirudi mchana unaona shamba. Mashua zilinasa humo siku nzima, majani yakizunguka propela mpaka injini inakata pumzi. Sijui jinsi ya kuwaeleza ninyi ambao hamkuliona. Mtu alikuwa ndani ya ziwa na hakuweza kupata maji ya kunawa.

Jioni moja Okelo alikuwa akirudi kutoka Kendu Bay peke yake. Mwenzake alikuwa ameshuka huko kwa mazishi. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia alipokaribia Dunga, akanasa kwenye gugumaji, injini ikazima. Mashua kubwa ya mchanga ilikuwa ikija nyuma yake kwenye njia ileile. Watu wake walisema baadaye hawakuona taa yoyote, waliona tu kitu cheusi kilichofanana na gugumaji lililosimama. Walikipiga ubavuni kwa nguvu zote.

Pale ufuoni, mtu akizama, hakuna anayevua mpaka apatikane. Nyavu zilianikwa, mashua zote zikaenda kutafuta. Walimpata siku ya pili, akiwa chini ya majani. Nyar Uyoma yenyewe haikuzama, gugumaji liliishika. Waliivuta hadi Dunga asubuhi ya kwanza, imepasuka upande, na Mama Atieno akaniita nikatoe betri kabla maji hayajaimaliza.

Niliingia peke yangu. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu maneno mengine yote nimeyaandika ili nifike hapa. Swichi ya Okelo ilikuwa chini. Ilikuwa imewashwa. Alikuwa ameiwasha jioni ile kama nahodha anavyopaswa, na taa zilimulika mpaka injini ilipokufa. Hapo rilei yangu ikalia tak, ikamzimia. Nadhani aliibonyeza tena na tena. Nadhani alinitaja.

Mkono wangu ukaenda, ukaizima.

Zima kabla ya kugusa. Kidole kiliinua swichi kabla sijafikiri. Au nilikuwa nimeshafikiri. Nimejiuliza hili kwa miaka, katika kila mji, na mpaka leo sijui kama yalikuwa mazoea au woga. Ninachojua ni kwamba niliitazama ikiwa juu na sikuirudisha chini. Niling'oa rilei, nikaitia mfukoni.

Baadaye kidogo wazee wa kamati ya ufuo waliingia kukagua. Mmoja akaonyesha kwa fimbo. "Tazama swichi. Iko juu. Hakuwasha."

"Huyo alikuwa anasahau," mwingine akasema. "Kusahau kuzima, kusahau kuwasha, ni kitu kimoja."

Walimgeukia Mama Atieno. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Taa zilikuwa nzuri," alisema. "Fundi mwenyewe ndiye huyu. Fundi, zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa nzuri, Mama."

Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Jaribuni kuishi nalo muone.

Mzee Rajabu alikuwa mgonjwa nyumbani siku ile. Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu, kofia iko kwenye msumari.

"Balbu ndogo ilikuwepo?" aliuliza.

"Haikuwepo."

"Umewaambia?"

Nikamsogezea chai. Hakuinywa mpaka ikapoa. "Haya, fundi," akasema. Miaka yote ile alikuwa akiniita kijana wangu. Tangu siku ile mpaka walipomzika, miezi mitano baadaye, aliniita fundi.

Nilidhani nitazoea. Nilibaki na kibanda, kazi haikupungua. Kila rilei niliyofunga sasa niliifunga na balbu ndogo kwenye mguu wa kati, na watu wakanisifu kwa ubunifu. Mama Atieno aliuza injini na hakurudi ufuoni. Tulikutana mara moja Kibuye akinunua viatu vya mitumba, akaniangalia, nikamwangalia, akauliza bei ya viatu. Nadhani na yeye alijua. Yeye ndiye aliyesema zizime zenyewe.

Kilichonishinda kilikuwa kitu kidogo. Ilikuwa jioni, niko Dunga nikikaza waya kwenye mashua ya mtu. Nahodha mmoja alikuwa akisukuma yake itoke, na mwenzake akamwita kutoka ufuoni.

"Omera, umewasha taa? Usiwe Okelo."

Wakacheka. Yule aliyekuwa ndani akawasha, akapunga mkono. Niliuliza kama walimjua Okelo. Yule wa ufuoni akatikisa kichwa. Alikuwa amehamia Dunga baada ya msiba. "Si ni mtu fulani tu aliyekuwa anasahau?" alisema.

Baada ya hapo nililisikia kila mahali. Usiwe Okelo. Wapakizi walilisema, wauza mafuta walilisema, hata mwalimu mmoja alilisema kwa mtoto aliyesahau kalamu. Kijana aliyewasha taa yake alikuwa ameachiwa duniani jina la kusahau, na mimi ndiye niliyempa.

Kwa hivyo nilifunga sanduku langu. Kibanda nilimwachia mpwa wa Mzee Rajabu. Nilishuka Sondu asubuhi, siku ya soko, nikauliza nyumbani kwa kina Okelo, nikatembea karibu saa moja kando ya mto. Baba yake alikuwa akipukuchua mahindi nje ya nyumba. Kaburi lilikuwa upande wa kushoto, udongo umeshatulia, majani yameanza kuota.

"Wewe ni nani?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa aliniona si mtu wa Dholuo, lugha yao.

"Fundi wa taa, Baba. Nilifunga taa za mashua ya Okelo."

Akaweka gunzi chini. Nikatoa rilei mfukoni, nikamwonyesha miguu minne na kisiki cha ule wa tano. Nikamweleza sumaku, alteneta, gugumaji. Nikamweleza swichi ilivyokuwa chini, na kidole changu. Niliongea sana, kama anayetaka kupewa alama nzuri kwa mtihani. Alinisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hivyo aliwasha?"

"Aliwasha, Baba."

Akainuka. Akaita upande wa jikoni, mjane wa Okelo akatoka, mikono ina unga. "Rudia," yule mzee akaniambia. Nikarudia, yeye akimfasiria kwa Dholuo. Yule dada alijifuta mikono kwenye kanga, akaendelea kujifuta hata ilipokuwa safi. Kisha mzee akaita kaka zake Okelo kutoka shambani. Wakaja wawili na majembe. "Rudia." Nikarudia, nikasubiri majembe. Mmoja wao aligeuka akaenda kusimama kando ya kaburi, akatugeuzia mgongo. Jirani akapita njiani na ng'ombe, mzee akamsimamisha. "Rudia."

Kila aliyekuja nilimrudia, na kila mara nilieleza kidogo zaidi. Sumaku ilikwenda kwanza, kisha alteneta, kisha miguu yote mitano. Mwisho, akiwa amekuja mama mzee sana aliyeongozwa kwa mkono, nilibaki na maneno machache tu, na hayo nilijaribu mwenyewe kuyasema kwa Dholuo yangu mbovu, na hakuna aliyecheka: Okelo hakusahau. Aliwasha. Mimi ndiye niliyezima.

Baba yake Okelo akaninyooshea mkono, nikadhani ananiaga. Alikuwa anataka ile rilei. Nikampa. Akaitia kwenye mfuko wa koti, akaniambia, "Sasa nenda. Ukikutana na mtu njiani, mwambie."

Nikachukua sanduku, nikapanda lori la mahindi linalokwenda Kericho. Dereva akaniuliza natoka wapi. Nikaanza kumwambia.